Nyama mbichi kwa mbwa wa Kigoma: gharama nafuu ipo, lakini maini na mapafu yapite jikoni

Swali hili naulizwa sana nikiwa soko la Mwanga au nyumbani kwa watu: "Dokta, mbwa wangu nikimpa nyama mbichi na mifupa, si nitapunguza gharama?" Chakula cha mifuko kikifika kwetu kimeshabeba nauli ya nchi nzima, kwa hiyo namwelewa anayeuliza. Mimi ni daktari wa mifugo na jibu langu ni kwamba inawezekana, tena kwa fedha ya kawaida, ila si kila kinachotoka machinjioni kiliwe kibichi.

Wengi wanaogopa kwamba nyama mbichi itamfanya mbwa awe mkali. Hilo halina ukweli. Mimi naogopa maini na mapafu ya bure.

Mkaguzi wa nyama akipasua ini au pafu la ng'ombe, mbuzi au kondoo akakuta vifuko vyenye maji, kiungo kile hakiuzwi. Kinapaswa kuteketezwa au kufukiwa. Lakini mahali ambapo shimo halijafunikwa vizuri, au kijana wa machinjio ana mbwa nyumbani, kiungo hicho huishia mdomoni mwa mbwa. Ndani ya vile vifuko kuna vichwa vya tegu mdogo sana, Echinococcus granulosus. Mbwa akivila vibichi, baada ya wiki sita au saba hivi tegu wamekomaa utumboni mwake, wana urefu wa milimita chache tu, na mayai yanaanza kutoka na kinyesi. Mbwa mwenyewe haumwi. Anakula, anabweka, anang'aa manyoya, na mwenye mbwa anaona chakula kimemkubali. Wakati huohuo mayai yako kwenye manyoya, uani na kwenye tuta la mchicha. Mtoto anamshika mbwa, hanawi, anakula. Vifuko vilevile huota kwenye ini au mapafu ya mtoto, vinakua polepole kwa miaka bila dalili, na mara nyingi tiba yake ni upasuaji.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema maini yakipikwa yanapoteza maana. Ini, mapafu, figo na bandama vichemshwe nusu saa tangu maji yaanze kutokota, hata kama vina mhuri wa mkaguzi. Usitegemee friza ya nyumbani ambayo umeme ukikatika nyama inalegea. Na mbwa anayekula vitu vya machinjioni apewe dawa ya tegu yenye prazikwanteli mara kwa mara kwa ratiba ya daktari wako, kwa sababu dawa nyingi za minyoo ya kawaida hazimgusi tegu huyu.

Nyama ya nguruwe nayo usimpe mbichi kabisa.

Sasa kinachofaa kuliwa kibichi. Kwa mfuko mdogo, kuku ndiye mkombozi. Ongea na wachinja kuku wa kisasa wakuwekee vichwa, shingo na miguu, uvichukue asubuhi hiyohiyo na mbwa ale siku hiyohiyo. Mifupa yake ikiwa mibichi ni laini, na mbwa anaitafuna na kuimaliza. Ikishapikwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo, kwa hiyo ukiamua kupika kuku, toa mifupa yote. Nyama mbichi ya kuku hubeba bakteria wa salmonela wanaoharisha watu: osha bakuli kwa sabuni kila mara, nawa mikono, usikatie ubao wa mboga zenu. Nyumba yenye mtoto mchanga, mzee dhaifu au mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, nashauri mpike kila kitu na suala la ubichi mliache.

Kuna wenye uwezo wanaonunua mnofu mtupu wakidhani ndiyo heshima ya mbwa. Mnofu una fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mbwa mdogo anayekua kwa mnofu tu, mwili wake huchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, na analetwa kwangu miguu imepinda au imevunjika kwa kuruka tu kutoka barazani. Dawa ya bei rahisi iko kwa wauza chipsi mayai. Omba maganda, yaoshe, yakaushe jikoni, yatwange yawe unga laini. Kijiko kimoja cha chai, kama gramu 5, kina takribani gramu 2 za kalsiamu na kinatosha kilo moja ya mnofu usio na mfupa. Hata hivyo, mbwa wadogo mimi siwaanzishii chakula kibichi. Makosa madogo ya vipimo huwaumiza haraka kuliko wakubwa.

Dagaa wa mwalo wa Kibirizi ni zawadi ya Ziwa Tanganyika kwa mbwa pia, maana analiwa mzima na mifupa yake. Ila mchemshe, awe mbichi au mkavu. Samaki wengi wa jamii ya dagaa wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na mbwa anayewala wabichi kila siku anaweza kukosa hamu ya kula kisha kuanza kuyumba. Moto hukimaliza kimeng'enya hicho. Wale waliokaushwa mchangani waoshe kwanza.

Na ugali? Mpe, bila aibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwamwitu, ukakuta mbwa ana nakala nyingi zaidi za kinasaba cha kumeng'enya wanga. Robo ya chakula ikiwa ugali, gharama inashuka sana. Unga ulioota ukungu usimpe, maana sumukuvu huua ini la mbwa haraka. Mabaki ya mchuzi wenye vitunguu nayo hapana.

Kwa kipimo, mbwa aliyekomaa hula asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kwa siku. Mbwa koko wa kilo 15 anahitaji gramu 300 hadi 450, na ini humo lisizidi gramu 20, kwani vitamini A ikizidi inadhuru. Kila wiki mpapase mbavu: zikipotea chini ya mafuta punguza, zikichomoza ongeza.