Mbwa wa kilo mbili na robo, na maneno ya watu

Mbwa wangu Kashata nilimpima juzi kwenye mzani wa duka la unga hapa mtaani, kilo mbili na robo, muuzaji alicheka mpaka akakaa chini. Ni Chihuahua, aina ya mbwa wadogo sana, ana miaka minne, na kwa hiyo miaka minne nimeambiwa mambo kibao kuhusu hawa mbwa, mengine na watu wanaonipenda kabisa.

Naanza na lile linaloua. "Mbwa ni mbwa bwana, muogeshe dawa ya kupe ya ng'ombe." Hapa Dar wengi ndo wanavyofanya, unaenda duka la pembejeo unapimiwa kidogo, unachanganya na maji kwa kukadiria, mbwa wa getini anaogeshwa na maisha yanaendelea. Sasa dawa nyingi za hivyo zina amitrazi, kemikali ya kuua kupe, na Chihuahua ni katika mbwa wanaotajwa kabisa kwa jina kwenye maelezo ya amitrazi kwamba wasipakwe. Inamlegeza, mapigo ya moyo yanashuka, mwili unapoa, sukari ya damu inavurugika, na kwa kiumbe wa kilo mbili hakuna kosa dogo la vipimo. Sisemi kupe tuwaache, homa ya kupe huku kwetu inamaliza mbwa wengi sana, ila mpe dawa iliyoandikwa uzito wake. Na ile ya kununua kidonge cha mbwa mkubwa ukakikata vinne kwa wembe, acha, huna uhakika kila kipande kimebeba dawa kiasi gani.

"Anatetemeka, mbwa wako ana njaa." Au ana homa, au, kama alivyosema fundi aliyekuja kurekebisha bomba, ana mashetani. Mara nyingi hana kitu. Mwili mdogo unapoteza joto upesi kwahiyo baridi kidogo tu ya Julai anatikisika, akifurahi anatikisika, akisikia radi ndo usiseme. LAKINI mtoto wa miezi miwili mpaka minne akitetemeka huku amelegea na anayumba kama mlevi, hapo usicheke, sukari imeshuka. Hawa watoto hawana akiba mwilini, ndo maana wanatakiwa kula hata mara nne kwa siku. Kashata akiwa na wiki kumi nilipitiwa na usingizi Jumapili moja, naamka saa nne asubuhi namkuta amelala ubavu kwenye kikapu, namwita hageuki, shingo haina nguvu. Nikakimbilia jikoni nikachukua asali nikampaka kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo maana ukimmiminia mdomoni anapaliwa, baada ya dakika kama kumi akaanza kulamba, nikambeba kifuani mpaka kwa dokta wa mifugo. Tangu siku hiyo asali haiishi kwangu, na alamu ya saa kumi na mbili naijua mwenyewe.

Chakula nacho. "Kadogo haka, kanashiba mabaki." Ni kweli anakula kidogo, ila hesabu ndo hii: mbwa wa kilo mbili kwa siku nzima anahitaji kalori kama mia na themanini, mia na tisini hivi. Chapati moja nzuri ya mafuta inazipita hizo. Kwahiyo wageni wanne kila mmoja akikatia kipande "tu" chini ya meza, mbwa kala siku yake na ya kesho. Alafu mchuzi wetu wote unaanza na kitunguu, na kitunguu kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

"Nimeletewa teacup original," yani Chihuahua mdogo wa kutosha kwenye kikombe cha chai. Hakuna aina hiyo, ni jina la biashara. Vigezo vya American Kennel Club, chama cha Marekani kinachosajili mbwa, vinasema Chihuahua asizidi paundi sita, yani kilo mbili na pointi saba, basi, hakuna daraja la kikombe. Mara nyingi anayeuzwa hivyo ni yule dhaifu wa uzao, au ametolewa kwa mama mapema mno. Pearl, Chihuahua wa Florida, Marekani, aliyeingia kitabu cha rekodi cha Guinness 2023 kwa urefu wa sentimita 9.14 ni ajabu ya dunia, sio saizi ya kuagiza.

Shangazi yangu yeye alisikia Chihuahua anatibu pumu, unalala naye pumu inahamia kwa mbwa. Hiyo imani ipo mpaka Meksiko, ambako ndo kwenye jimbo la Chihuahua lenyewe. Haihami popote, na kama mzio wako ni wa mbwa utaamka kifua kimebana zaidi.

"Hatoki ndani, chanjo ya nini." Kichaa cha mbwa kinakaa kwenye mate, hakiulizi kilo. Anachanjwa kuanzia miezi mitatu, na kwetu anarudiwa kila mwaka. Geti likiachwa wazi sekunde kumi mbwa wangu yuko barabarani anamfokea mbwa koko mara kumi ya mwili wake.

Eti wana hasira za kuzaliwa nazo. Fikiria kila anayeingia kwenu anakunyanyua mita moja na nusu hewani bila hata hodi, we usingeng'ata?

Na mnaotaka kuzalisha mpate hela, kichwa cha mtoto ni kikubwa na nyonga ya mama ni nyembamba, wengi wanaishia kupasuliwa, na wanaozaliwa mara nyingi ni wawili watatu. Bili ya upasuaji ikija usinipigie simu.

La mwewe sasa, maana kila nikitoka naye barazani naulizwa siogopi mwewe atambeba. Mwewe wetu hawa wa Dar mwenyewe hafiki hata kilo moja, kumbeba Kashata hawezi. Ila mtoto wa gramu mia nne ukimwacha peke yake juu ya paa la zege, simdhamini. Mimi niliweka wavu, na nikaona wavu unamchukiza mmoja tu, Kashata, anayetaka kutoka akamfuate mwewe.