Alama 650: namba ya 70 au ya 30,000? Dhana potofu kuhusu mtihani wa udaktari wa India

Ripoti ya shule ikifika nyumbani, mzazi wa kwetu haanzi na alama. Anauliza, "Umeshika namba ngapi?" Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza kumi bora mwaka 2023, na wengi tulishusha pumzi. India nako, kwa kijana anayetaka kusomea udaktari, swali la mzazi huyo ndilo linaloamua kila kitu. Mtihani wenyewe unaitwa NEET. Mwaka 2025 waliufanya watu zaidi ya milioni 2.2 siku moja, na kila matokeo yakitoka, maneno yanayosambaa kwenye simu ni nusu kweli, nusu porojo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Kiswahili chetu kinaita "nafasi" vitu viwili: mahali uliposhika katika orodha, na kiti chenyewe cha chuo. Katika habari hii vikichanganywa tu, umepotea. Kwa hiyo hapa namba ni namba, na kiti ni kiti.

"Ukipata alama 650 una uhakika wa chuo kizuri"

Hii ndiyo mama wa dhana zote potofu, na ndiyo inayouza vikokotoo vya mtandaoni.

Mtihani una maswali 180: fizikia 45, kemia 45, biolojia 90. (Ndiyo, hata wao huita mchepuo huo PCB.) Jibu sahihi ni alama 4, kwa hiyo jumla kuu ni 720. Ukimwambia mtu amepata 650 kati ya 720, atachinja mbuzi. Lakini angalia. Mwaka 2024 aliyepata 650 alijikuta karibu na namba ya 30,000. Mwaka 2025, waliopata 651 kwenda juu nchi nzima walikuwa 73 tu, kwa hiyo mwenye 650 alikuwa akipumua visogoni mwao. Alama ni zilezile, masomo ni yaleyale, ila mmoja anachagua chuo kama anayechagua embe sokoni, na mwingine anahesabu vidole.

Ukishuka hadi 600 tofauti haipungui. Mwaka 2024 alama hiyo ilikuweka kwenye namba ya elfu themanini hivi. Mwaka 2025 waliofika 601 na zaidi hawakufika 1,400.

Kilichobadilika ni karatasi. Ya 2024 ilikuwa laini na mtaala ulikuwa umepunguzwa, basi wengi wakarundikana juu. Ya 2025 ilikuja na fizikia iliyowaliza watu, na aliyeshika namba ya kwanza nchi nzima alipata 686. Viti havikuongezeka wala kupungua kwa sababu ya ugumu huo, na anayegawa viti haulizi una alama ngapi. Anauliza mbele yako wako wangapi.

Kikokotoo kinachokuahidi namba yako kabla matokeo hayajatoka kimelishwa takwimu za mwaka jana. Aliyekitegemea Mei 2025, baada ya mwaka kama 2024, alilia bure: alikuwa na 560 mkononi, akaambiwa hana chake, kumbe alikuwa miongoni mwa watu elfu kumi na kitu wa mwanzo katika watu milioni mbili.

"Kama alama zangu hazijabadilika, namba yangu haibadiliki"

Julai 2024 iliwafundisha watu somo hili. Swali moja la fizikia lilikubaliwa majibu mawili, kwa sababu toleo la zamani la kitabu cha kiada lilisema jambo tofauti na toleo jipya. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, wataalamu wa taasisi ya teknolojia ya IIT Delhi wakasema jibu sahihi ni moja. Wanafunzi zaidi ya laki nne waliochagua jibu la pili wakakatwa alama 5: zile 4 walizopewa, na 1 ya adhabu ya kukosa. (Laki hii, kwa njia, ni neno tulilolichukua kwao, na katika habari za NEET linarudi nyumbani.) Waliokuwa wametangazwa kushika namba ya kwanza kwa pamoja, wote na 720 kamili, walikuwa 67. Baada ya marekebisho wakabaki 17. Na mamia ya maelfu ya wengine, ambao karatasi zao hazikuguswa, waliamka wakakuta namba zao zimesogea.

"Usibahatishe kamwe, utakatwa"

Jibu lisilo sahihi linakatwa alama 1, na swali lililoachwa wazi halina faida wala hasara. Basi walimu wengi wa vituo vya masomo ya ziada wanasema: huna uhakika, acha. Hesabu inasema tofauti kidogo. Chaguo ni nne. Ukipiga ana ana ana do kwa maswali manne usiyoyajua kabisa, kwa wastani utapata moja (4) na kukosa matatu (toa 3). Umebaki na alama 1 ya faida. Ukiweza kufuta chaguo moja lisilowezekana, faida inakua. Tatizo la kubahatisha ni kwamba wastani haulali kitandani kwako. Siku hiyo unaweza kukosa yote manne, na pale watu walipobanana, alama nne ni watu maelfu.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyofichua mambo mwaka 2024. Ukipatia yote una 720. Ukiacha moja una 716. Ukikosa moja una 715. Hakuna njia ya kupata 719 wala 718. Lakini matokeo yalipotoka, 718 na 719 zilikuwepo! Watu wakapiga kelele, na ikajulikana kwamba watahiniwa 1,563 walikuwa wameongezewa alama za kufidia muda uliopotea vituoni. Alama hizo zikafutwa, wakapewa hiari ya kurudia mtihani Juni 23, na 813 wakarudia. Uvujaji wa karatasi huko Hazaribagh na Patna ulikuwa kesi nyingine, nayo Mahakama ya Juu ilikubali kwamba ulitokea ila ikakataa kufuta mtihani wa nchi nzima.

"Wenye alama sawa wanagawana namba"

Hapana, ila kwa nadra kama wale wa 720. Wanatenganishwa kwa alama za biolojia kwanza, kisha kemia, kisha fizikia, na wakilingana bado, anatazamwa nani ana makosa machache zaidi kulinganisha na aliyopatia. Ndiyo maana mjuzi wa biolojia huwa mbele ya mjuzi wa fizikia hata wakiwa na jumla moja.

"Nimevuka alama za kufaulu, basi nimepata chuo"

Hapa ndipo sherehe nyingi huharibika. Kizingiti cha kufaulu kimewekwa kwa pasentaili ya 50 kwa watu wasio na kundi maalumu, na ya 40 kwa makundi mengi yaliyotengewa viti. Wengi husoma "50" wakadhani ni nusu ya alama. Siyo. Maana yake ni kwamba umewapita nusu ya waliofanya mtihani. Mwaka 2025 kuwapita nusu yao kulihitaji alama 144 tu kati ya 720, yaani moja ya tano.

Waliovuka walikuwa karibu milioni 1.24. Viti vya shahada ya udaktari nchi nzima ni laki moja na ushei, na karibu nusu yake ni vya vyuo binafsi. Kufaulu NEET ni ruhusa ya kupanga foleni. Foleni yenyewe hujaianza.

"Foleni ni moja"

Ningekuwa na uwezo ningemwandikia kila mzazi jambo hili ukutani. Namba ya kitaifa ni moja, lakini foleni ni nyingi, na namba yako inasomwa upya katika kila mojawapo.

Asilimia 15 ya viti vya vyuo vya serikali vya majimbo hugawiwa kitaifa na kamati iitwayo MCC, na mtu wa jimbo lolote anaweza kuvigombea. Asilimia 85 inayobaki ni ya majimbo yenyewe, na kila jimbo hutengeneza orodha yake kwa watu wake. Kwa hiyo mwenye namba ya 45,000 kitaifa anaweza kuwa wa elfu chache tu jimboni kwake. Katika foleni ya kitaifa, kwa asiye na kundi maalumu, miaka ya karibuni milango ya vyuo vya serikali imekuwa ikifungwa karibu na namba ya 20,000. Huyu wa 45,000 angekata tamaa, kumbe kiti chake kiko kilomita hamsini kutoka kwao.

Vyuo vya AIIMS, ambavyo ni vyuo vya udaktari vya serikali kuu, havina mgao wa jimbo: viti vyote ni vya foleni ya kitaifa. AIIMS ya Delhi, kwa wasio na kundi, hujaa kabla hata ya namba ya 100.

Kuna foleni ndani ya foleni. Viti vya kitaifa hutengwa asilimia 15 kwa jamii zilizobaguliwa kihistoria kwa misingi ya tabaka, 7.5 kwa makabila ya asili, 27 kwa tabaka nyingine zilizoachwa nyuma, na 10 kwa maskini wasio katika makundi hayo. Majimbo yana hesabu zao. Tamil Nadu tangu 2020 imetenga asilimia 7.5 kwa waliosoma shule za serikali, na mimi naona ni uamuzi wa busara kuliko mingi, maana masomo ya ziada ya mji kama Kota, uliojaa vituo vya kulipia, si ya mtoto wa mkulima. Na jambo linalosahaulika: mtu wa kundi maalumu mwenye namba nzuri huchukua kiti cha wazi, kisichotengewa kundi lolote, kama mwingine yeyote. Hafungiwi katika mgao wake.

"Usijaze chuo kikubwa juu, utapoteza bahati ya chuo unachokiweza"

Ugawaji wa viti wanauita kaunseling, ingawa ushauri nasaha humo huuoni. Unajaza orodha ya vyuo mtandaoni, unaifunga, unasubiri. Wanafunzi wengi huanza na chuo "salama" kwa hofu kwamba kukosa cha kwanza kunawasukuma nyuma.

Kompyuta haifanyi hivyo. Inamchukua namba 1, inampa chuo cha juu kabisa katika orodha yake. Inakuja kwa namba 2, vivyo hivyo. Ikifika kwako, inateremka orodha yako kutoka juu na kusimama kwenye kiti cha kwanza kilicho wazi. Kuweka AIIMS ya Delhi mwanzo ukiwa na namba ya 15,000 hakukupunguzii chochote, mfumo unakiruka tu. Kinachokuumiza ni kinyume chake: ukitanguliza chuo salama, utapewa hichohicho, hata kama ulichokipenda kilikuwa wazi mstari mmoja chini.

Gharama ipo kwingine, kwenye mizunguko. Ukipewa kiti mzunguko wa kwanza unaweza kukiacha bila adhabu. Mzunguko wa pili ukikiacha, amana yako imekwenda: hadi rupia 10,000 kwa foleni ya kitaifa, na laki mbili kwa vyuo vikuu binafsi vilivyo chini ya MCC.

"Mwenye pesa haihitaji NEET"

Pesa inanunua foleni fupi. Haikuondoi kwenye foleni. Chuo binafsi nacho lazima kichukue waliovuka kizingiti, ila ada ya baadhi yao hupita rupia laki ishirini kwa mwaka, na kwa hiyo wenye namba nzuri lakini mifuko mitupu huondoka wenyewe, na namba za nyuma zinasogea mbele. Hata Mhindi anayetaka kusomea udaktari nje ya nchi kisha arudi kufanya kazi kwao lazima awe amefaulu NEET. Matokeo kwa ajili ya nje hudumu miaka mitatu, ilhali kwa vyuo vya ndani ni ya mwaka huohuo tu.

Wanaofanyia mtihani nje wana vituo vyao. Mwaka 2024 vilikuwepo katika miji 14, ikiwemo Muscat, Dubai na Doha. Afrika nzima ilikuwa na mji mmoja, Lagos. Mwanafunzi wa familia ya Kihindi iliyoko Dar es Salaam au Mombasa ilimbidi akate tiketi ya ndege, na wengi wao, kwa safari ya karibu, wangeelekea Ghuba.