Mgawo wa mvuvi wa sangara huanzia kwenye mizani

Mvuvi wa kuajiriwa kwenye mtumbwi wa sangara, Ziwa Victoria, hana mshahara. Ana mgawo. Samaki wakishauzwa, hutolewa kwanza petroli, barafu, chambo na chakula, ndipo kinachobaki kigawanywe kati ya tajiri mwenye mtumbwi na wavuvi wake. Viwango hutofautiana mwalo kwa mwalo, yaani kila ufuko mitumbwi inaposhushia na kuuza samaki. Hapa natumia nusu kwa nusu na wavuvi wanne, kwa bei za mfano tu.

Mtumbwi umeleta kilo 100. Kwa shilingi 8,000 kwa kilo, mauzo ni 800,000. Toa gharama 300,000, zinabaki 500,000. Nusu ya wavuvi ni 250,000, yaani 62,500 kwa kila mmoja.

Sasa mizani ipunje kilo tano, na wakala anayenunua samaki, aliyemkopesha tajiri nyavu, akate shilingi 1,000 kwa kila kilo kwa sababu ya deni hilo. Mauzo yanashuka hadi 665,000. Petroli haijashuka, barafu haijashuka. Zinabaki 365,000, na kila mvuvi anaondoka na 45,625. Mauzo yamepungua kwa asilimia 17 hivi, mgawo umepungua kwa asilimia 27. Hapo ndipo penye dhuluma: gharama hazitikisiki, kwa hiyo kila shilingi inayopunjwa juu inamuuma zaidi aliye chini. Na deni ambalo mvuvi hakulikopa linalipwa kwa jasho lake.

Mizani inaweza kukaguliwa pale pale mwaloni. Mshale usimame kwenye sifuri kabla ya kutundika chochote. Pima tenga tupu na uandike uzito wake, kwa maana tenga lililolowa ni zito kuliko kavu. Kisha tundika dumu lenye maji lita 20 yaliyopimwa: isomeke kilo 20 pamoja na uzito wa dumu. Isiposoma hivyo, samaki wasipimwe hapo, na Wakala wa Vipimo, taasisi ya serikali inayokagua mizani, waitwe.

Kuna na mabondo, vile vifuko vya hewa vilivyo tumboni mwa samaki. Sangara huuzwa mzima, bondo likiwa ndani, nalo husafirishwa hadi Uchina kwa bei kubwa kuliko minofu. Kama bei ya mwaloni haikulihesabu, mvuvi amelitoa bure.

Wengi husema mnunuzi wa mbali hana nguvu juu ya mambo haya. Sikubali. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, viwanda na serikali zilihangaika hadi soko likafunguliwa tena. Mnunuzi aliuliza usalama wa samaki, akajibiwa. Aulize pia bei iliyolipwa mwaloni siku ile, kwa kilo, na mizani ilikaguliwa lini. Cheti cha afya cha kiwanda hakijibu swali hilo.

Nasi tunaonunua kwenye soko la samaki la Kirumba, Mwanza, tuna letu. Sheria hairuhusu sangara aliye chini ya sentimita 50. Yule mdogo anayeuzwa kwa fungu, kwa bei ya kutupa, bado hajazaa. Mgawo wa mwakani umo kwenye fungu hilo. Nenda na futi ya fundi cherehani, pima kuanzia mdomo hadi mwisho wa mkia, na akiwa chini ya 50 mwache hata akipunguziwa bei.