Pishi moja kwa kila kichwa

Sura ya 16 ya kitabu cha Kutoka katika Biblia husomwa sana watu wanapotakiwa waache kulalamika. Isome tena polepole. Waisraeli wako jangwani, mwezi mmoja tangu watoke Misri, wananung'unika kwa njaa. Mungu anawajibu kwa chakula. Ila chakula chenyewe kilikuja na kazi, na hapo ndipo wasomaji wengi hupapita mbio.

Chakula hicho, mana, kilikuwa kidogo kama punje ya giligilani. Iliokotwa asubuhi, maana jua likiwa kali iliyeyuka. Kipimo: pishi moja kwa kila kichwa. Kiebrania kinasema omeri, kama lita 2 hivi, lakini wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya 1952 wakaandika pishi. Walifanya vyema, pwani hii pishi ni vibaba vinne, na jirani Mwislamu huipimia fitri.

Iliyolazwa iliingia mabuu ikanuka. Siku ya sita, hata hivyo, waliokota pishi mbili kila mtu, na iliyobaki ikalala bila kuharibika. Kwa hiyo anayetumia sura hii kuwakataza watu kuweka akiba kwenye chama hajafika mstari wa 22.

Sasa fungua Hesabu 11. Watu wanalia, kila mtu mlangoni pa hema yake, wakikumbuka samaki, matango na vitunguu saumu vya Misri. Mana wanayo, wanaisaga, wanaitwanga, wanaioka mikate. Utumwa ndio hawautaji. Sura hiyo hiyo Musa naye analalamika, tena kwa ukali kuwashinda: anaomba afe. Lakini yeye anamwambia Mungu mwenyewe, na anautaja mzigo wenyewe: hawezi kuwabeba watu wote hawa peke yake. Jibu lake ni kazi nyingine, akusanye wazee 70 wamsaidie. Wale wa mlangoni walipata kware, kisha pigo, nyama ingali kati ya meno.

Basi kodi ya nyumba ikikaribia na mfuko mtupu, mwambie Mungu ni shilingi ngapi na tarehe ngapi, bila kupamba. Ukiwa na hasira, iseme. Kisha nenda kwa mwenye nyumba kabla ya tarehe, umwambie utakachoweza kulipa sasa na salio utalileta lini. Kuwasimulia watu wa barazani wiki nzima, huku hao wawili hujawaambia lolote, ndiko kulilia mlangoni pa hema.

Mana yenyewe ilikoma Gilgali, kambi yao katika nchi ya Kanaani, kesho yake baada ya watu kula mazao ya nchi hiyo (Yoshua 5:12). Miaka 40 ilikuwa imepita, na safari hii hakuna manung'uniko yaliyoandikwa.