Dibaji mbili za Frankenstein

Kila ninapofundisha Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley, naanza na dibaji kabla ya riwaya yenyewe. Ziko mbili, na hazina uzito mmoja.

Ya kwanza ilitoka na kitabu Januari 1818, nakala 500 zisizo na jina la mwandishi. Inajiita "mimi", lakini baadaye Mary Shelley alieleza kwamba, kwa kadiri alivyokumbuka, yote iliandikwa na mumewe, Percy. Ndiyo maana simruhusu mwanafunzi ainukuu kama kauli ya Mary.

Ya pili ni yake kweli. Mwaka 1831 wachapishaji wa toleo jipya walimtaka aeleze ilikuwaje msichana mbichi kama yeye akabuni jambo la kuogofya namna ile. Akasimulia kiangazi cha 1816 kando ya Ziwa Geneva: mvua haikatiki (Tambora, volkano ya Indonesia, ilikuwa imelipuka mwaka uliotangulia na kuvuruga hali ya hewa hadi Ulaya), naye, Percy na wenzao wamejifungia ndani wakisoma hadithi za mizuka. Mmoja wao, mshairi Byron, akasema kila mmoja aandike ya kwake. Mary, mwenye miaka 18, alitaka hadithi ya kugandisha damu. Kila asubuhi aliulizwa kama ameipata. Kila asubuhi akajibu hapana, kwa aibu. Mpaka usiku mmoja, baada ya mazungumzo juu ya asili ya uhai, akamwona akilini mwanafunzi aliyepauka uso, amepiga magoti kando ya kitu alichokiunga mwenyewe. Kitu kikatikisika.

Hayo sina sababu ya kuyakataa. Lakini mwishoni anasema anakipenda kitabu hiki kwa kuwa ni zao la siku za furaha, siku ambazo kifo na huzuni kwake yalikuwa maneno tu. Hapo mimi husimama kila mara. Mama yake, Mary Wollstonecraft, alifariki siku chache baada ya kumzaa. Na mapema 1815 Mary Shelley mwenyewe alimpoteza binti yake wa kwanza, kichanga ambacho hakikutimiza hata mwezi.

Simwiti mwongo. Kufikia 1831 alikuwa amefiwa na watoto wengine wawili na mume. Kwa aliyetazama nyuma kutoka huko, 1816 ilikuwa neema. Ila sababu alizozitaja nazisoma pamoja na shajara yake ya Machi 1815. Anaandika kwamba ameota mtoto wake amefufuka, kwamba kumbe alikuwa ameshikwa na baridi tu, wakamsugua mbele ya moto, akaishi.