Rekodi ya laivu ya sebuleni ni nini?

Wengi huchanganya "laivu" na "mubashara". Mechi ya uwanja wa CCM Kirumba, hapa Mwanza, ikirushwa redioni huku inachezwa, hiyo ni mubashara. Rekodi ya laivu unaweza kuisikiliza hata miaka kumi baadaye. Ulaivu wake uko kwenye namna ilivyochukuliwa: mwimbaji aliimba na kupiga chombo kwa pamoja, mbele ya watu, na kilichotoka ndicho kilichobaki.

Studio zetu nyingi hazifanyi hivyo. Prodyuza anatangulia kutengeneza biti, msanii anaingia na hedifoni zake, anaimba ubeti uleule mara nane, kisha vipande vizuri vinaungwa. Sauti ikipinda, kompyuta inainyoosha.

Sasa mchukue mtunzi wa nyimbo za asili mwenye gitaa kavu, lisilo la umeme, au zeze, umkalishe sebuleni kwa mtu pale Kirumba, wasikilizaji kumi na watano wamebanana kwenye makochi na mkeka. Maiki moja mdomoni, nyingine karibu na tundu la gitaa. Gitaa litaingia kwenye maiki ya sauti, na sauti kwenye maiki ya gitaa, yaani zinavuja. Kwa hiyo akikosea neno, huwezi kulifuta peke yake, gitaa nalo litafutika. Arudie wimbo wote, au kosa libaki. Mimi huwa napenda libaki.

Chumba nacho kina kazi yake. Kuta tupu za saruji hurudisha sauti ikawa kama ya kisimani, lakini miili ya watu, mapazia na makochi huinyonya. Ndiyo maana sebule iliyojaa hutoa sauti kavu, ya karibu, mpaka unasikia kidole kikiteleza kwenye waya na mtu akivuta pumzi. Paa la bati ndilo tatizo: mvua ya ziwani ikianza, zimeni mashine mnywe chai.

Si mtindo mpya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alizunguka Tanganyika akirekodi waimbaji, Wasukuma na Wahaya wakiwemo, maiki akiishika mkononi. Aliyetakiwa asikike zaidi alisogezewa maiki, basi.

Lakini makofi yaliyobandikwa baadaye juu ya wimbo wa studio hayaufanyi kuwa laivu, hata jalada liseme nini.

Ninayo rekodi moja ya laivu kwenye simu, ya jamaa wa huku huku. Katikati ya wimbo wa kulalamikia bei ya dagaa, mlango unalia, mzee fulani anaingia kwa kuchelewa. Mwimbaji haachi gitaa. Anamwingiza humohumo kwenye ubeti kwa salamu ya Kisukuma: "Mwadila, baba." Watu wanacheka, mzee anaitikia kwa mbali, kiti cha plastiki kinaburutwa, na dagaa wanaendelea kupanda bei.