Dozi ya pili ya surua si ya "kuongezea nguvu"

"Hiyo ya mwaka na nusu ni ya kuongezea nguvu tu, hata ukiikosa hakuna shida." Utayasikia haya kwa majirani, kwa bibi wa mtoto, na mara nyingine kwa mhudumu wa zahanati anayeharakisha foleni.

Dozi ya pili ya surua ni sindano ya surua na rubella anayochomwa mtoto akitimiza miezi 18, baada ya ile ya miezi 9. Ndiyo ratiba ya Tanzania na Kenya. Maana yake ni hiyo tu. Kinachopotoshwa ni kazi yake.

Zipo chanjo zinazojengwa kwa kurudiarudia. Ile ya wiki ya 6, 10 na 14, yenye pepopunda, dondakoo na kifaduro, ni ya namna hiyo: kila dozi inapandisha kinga juu ya iliyotangulia. Surua haiendi hivyo. Ndani ya kile kichupa mna kirusi hai kilichodhoofishwa. Kikishika, kinazaliana kidogo, mwili unakitambua, na kinga yake kwa kawaida ni ya maisha. Kisiposhika, mtoto anarudi nyumbani kama alivyokuja, ila kadi imeandikwa tarehe.

Na kwa nini kisishike? Mara nyingi ni kwa sababu ya mama. Mtoto wa miezi 9 anaweza kuwa bado ana kingamwili alizopata tumboni, nazo hukizima kirusi cha chanjo kabla hakijafundisha mwili chochote. Wakichanjwa umri huo, watoto takriban 85 kati ya 100 hupata kinga. Wakichanjwa wakiwa na mwaka au zaidi, hufika karibu 95. Mtu atauliza, basi si tungoje mwaka? Hapana, maana surua huku haingoji, na wadogo ndio inaowaumiza zaidi. Tunachagua miezi 9 tukijua wazi kwamba wengine watapita kwenye chekeche.

Dozi ya pili ni kwa ajili ya wale 15 ambao ya kwanza haikushika. Wale 85 hawaihitaji sana, wala haiwadhuru. Ila kwa kumtazama mtoto huwezi kujua yupo kundi gani, na kovu la begani halikusaidii: lile ni la chanjo ya kifua kikuu. Kwa hiyo wanachomwa wote.

Sasa jumlisha 15 wa mwaka huu, 15 wa mwakani, na wale ambao hawakufika kliniki kabisa. Baada ya miaka michache wametosha kulisha mlipuko, maana mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Marekani waliliona hili kwa wanafunzi waliokwisha kuchanjwa dozi moja, ndipo mwaka 1989 wakapendekeza dozi mbili kwa kila mtoto. Huku kwetu, mlipuko ukitokea, wa kwanza kulaumiwa ni chanjo: "mbona wangu alichomwa?" Alichomwa, ndiyo. Mara moja.

Kuna na jambo la kichupa. Kikishachanganywa hakikai zaidi ya saa 6, na kwa kawaida kina dozi 10, hivyo mama anayefika peke yake na mtoto wa miezi 18 huambiwa arudi siku watakapokuwa wengi. Shirika la Afya Duniani linashauri kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Nami naona sawa, kwani dozi tisa za kumwaga zina nafuu kuliko mama aliyeambiwa "si ya lazima sana" kisha akatumwa nyumbani.

Akija amechelewa, mtoto ana miaka miwili au mitatu, bado achomwe. Ilimradi zimepita wiki 4 tangu ya kwanza. Na akiuliza ni ya nini, jibu fupi lipo: "Mama, ya kwanza huenda haikushika. Hii ni kwa ajili hiyo."